Jinsi ya kulinganisha mbegu za viazi vitamu shambani kwako bila kujidanganya: mwongozo kamili

Kila msimu wa kuchimba viazi ukifika, napigiwa simu na wakulima wa Magu, Misungwi na Sengerema mkoani Mwanza, na hadithi zao ni mbili tu. Mmoja anasema marando mapya aliyopewa, yaani vipande vya shina vya kupandia, yamezaa mara mbili ya Polista, aina yake ya siku zote. Mwingine, aliyepewa marando yaleyale siku ileile, ananiambia, "Bwana shamba, kiazi chako hakina kitu. Kimetoa mizizi kama mikia ya panya."

Ukiwauliza waliyapanda wapi, mambo yanajieleza. Wa kwanza aliyapanda palipokuwa na zizi la ng'ombe mwaka juzi. Wa pili aliyaweka kwenye kona iliyobaki, chini ya mwembe. Hapo hakuna aliyepima mbegu. Mmoja kapima samadi, mwingine kapima kivuli.

Siwacheki, kwa sababu nami nimefanya hivyohivyo nikiwa na cheti cha kilimo ukutani. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliyapa marando mapya ardhi nzuri kabisa ya shamba darasa, bila hata kujijua, kwa kuwa nilitaka yashinde. Yakashinda kweli. Msimu uliofuata wakulima kumi na kitu wakayapanda kwenye ardhi yao ya kawaida, na wengine hadi leo tukikutana mnadani wananisalimia kwa ubaridi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye aina tatu au nne za viazi anayetaka kujua ipi inafaa kwake. Watafiti wanaotafuta aina zinazovumilia ukame na magonjwa hufuata njia hiihii, ila wao wana ploti nyingi zaidi na kompyuta. Wewe utatumia kamba, mizani na karatasi za kura.

Vitu vya kuandaa

- Eneo la mita 17 kwa 21 hivi, ambalo halikuwa na viazi msimu uliopita.
- Aina nne za viazi, moja ikiwa ile unayoilima siku zote. Kila aina marando 200.
- Marando mengine kama 240 ya kiazi chochote kizima, ya kuzungushia pembeni.
- Kamba ya manila ya mita 30, na futi ya fundi au fimbo uliyoipima mita moja.
- Vigingi 64 vya pembe za ploti.
- Vibao 16. Dumu kuukuu la mafuta ya kula ukilikatakata linatosha.
- Penseli. Usitumie kalamu ya wino, jua la hapa linaifuta kabla ya mwezi wa pili. Penseli ya kawaida kwenye plastiki uliyoikwaruza kidogo na msasa inadumu hadi mavuno.
- Mizani ya kuning'iniza inayosoma angalau robo kilo, na nyingine ndogo ya jikoni ya gramu, hata ya kuazima.
- Daftari mbili. Moja ya shambani, nyingine ya kunakili kila jioni na kuiacha nyumbani.

Hatua ya 1: Andika swali moja

Kabla ya kutafuta marando, andika kwenye ukurasa wa kwanza unachotaka kujua. Kiazi kipi kinanipa kilo nyingi za kuuza? Kipi kinatoa michembe mizuri, yaani vipande vya kuanika vikiwa vibichi? Kipi kinahimili jua la Januari mvua zikikatika katikati? Kiazi kinachoshinda kwa kilo kinaweza kushindwa vibaya kwenye michembe, na usipoandika mapema, mwisho wa msimu utachagua swali linalompendelea mshindi unayemtaka.

Aina zisizidi nne. Watu hupenda kuweka nane ili wasikose kitu, kisha palizi inawashinda, nusu ya shamba inamezwa na majani, na jaribio limekufa.

Aina yako ya zamani ni lazima iwemo. Ndiyo fimbo ya kupimia wengine, kwa hiyo ukisema aina kama Kabode au Mataya imezaa vizuri, lazima uweze kusema vizuri kuliko nini.

Hatua ya 2: Lea marando yote kwenye kitalu kimoja

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu majaribio mengi kuliko zote.

Mbegu ya mahindi ni mtoto wa wazazi wawili. Rando la kiazi halina wazazi wawili, ni kipande cha mama yuleyule, nakala yake. Kiazi kitamu kina kromosomu 90 zilizopangwa katika seti sita, wakati sisi binadamu tuna seti mbili tu. Ndiyo maana ukiotesha mbegu halisi za ndani ya ua la kiazi, kila mche unatoka na sura yake. Mtafiti anataka tofauti hizo, maana humo ndimo anamochagua aina mpya. Lakini aina ikishachaguliwa huendelezwa kwa marando, na marando yote ya aina moja yana urithi uleule.

Kwa hiyo rando moja la Polista likinawiri na jingine la Polista likadumaa, tofauti haimo kwenye urithi. Imetoka kwenye udongo, maji, au kitu ambacho rando limekuja nacho. Kitu hicho mara nyingi ni virusi.

Ugonjwa mbaya wa virusi wa viazi hutokea virusi viwili vinapokutana kwenye mmea mmoja. Kimoja huletwa na vidukari, wale wadudu mafuta, na kingine huletwa na nzi weupe. Kila kimoja peke yake mmea unaweza kukivumilia, vikiungana mmea unadumaa. Na kwa kuwa rando ni kipande cha mama, ugonjwa wa mama unahama nalo kutoka msimu hadi msimu.

Sasa fikiria. Polista wako umekuwa ukimkata na kumpanda kwa miaka kumi, na amebeba virusi vya miaka kumi. Marando mapya yametoka kwenye kitalu safi. Ukiwapanda pamoja umeshindanisha mgonjwa na mzima, kisha ukatangaza kwamba mzima ana mbio.

Dawa yake ni hii:

Mwezi mmoja kabla ya kuanza kitalu, pita kwenye shamba lako la zamani na ufunge kitambaa kwenye mashina ya Polista yenye afya kabisa. Kwepa yenye majani madogo membamba, yaliyokunjamana, yenye mishipa ya njano, au yaliyokaa kama kichaka kifupi. Rudi tena baada ya wiki mbili. Shina lililoonyesha dalili, livue kitambaa. Kata marando kwenye yaliyobaki tu.

Kisha panda aina zote nne kwenye kitalu kimoja, siku moja, wiki sita hadi nane kabla ya mvua unayoitegemea. Umwagiliaji uwe uleule na mbolea ileile. Ukikata marando ya jaribio, chukua upande wa ncha, sentimita 30 hivi. Ncha hushika haraka, na fukusi, yule mdudu anayetoboa viazi, hupenda kutaga mayai upande wa shina lililokomaa.

Tahadhari: usifunike kitalu kwa chandarua cha mbu ukidhani umemzuia nzi mweupe. Matundu yake ni makubwa, anapita kama mtu anayeingia kwake. Na chandarua kina kazi yake kitandani.

Utajua umefanikiwa ukisimama mbele ya kitalu ukaona aina zote nne zina marando ya unene na umri mmoja, na huwezi kubashiri ipi ni "ya mradi" na ipi ni ya nyumbani kwa kutazama afya yake.

Hatua ya 3: Isome ardhi kabla ya kuipima

Mkulima wa Kisukuma hahitaji kufundishwa hili, anahitaji kukumbushwa tu. Ukishuka kutoka kwenye mawe ya kilimani kuelekea bondeni, udongo unabadilika kila baada ya hatua chache. Juu kuna luseni, mchanga mwepesi usioshika maji. Chini yake itogolo. Ukizidi kushuka unakuta ibambasi, ngumu kama sakafu, kisha mbuga yenyewe, nyeusi, inayopasuka kiangazi na kunata masika. Mahali pengine mabadiliko hayo yote yamo kwenye shamba la mtu mmoja.

Maana yake ni kwamba upande wa juu na upande wa chini wa jaribio lako havifanani, hata kama kwa macho ni shamba moja. Tofauti hiyo huwezi kuiondoa, lakini unaweza kuipanga.

Tembea eneo lote baada ya mvua ya kwanza. Tazama maji yanaelekea wapi. Tazama magugu, maana panaponawiri magugu kuliko kwingine pana kitu chini. Waulize wazee palikuwa na nini: zizi, kichuguu kilichobomolewa, tanuri la matofali, choo. Sehemu hizo ziache nje kabisa.

Karibu na ziwa kuna swali moja zaidi, njia ya kiboko iko wapi? Nilishapoteza safu nzima ya ploti usiku mmoja kwa sababu nilipanda kwenye mapito yake. Hakuna uzio wa miti unaomzuia, na wala haulizi ni aina gani anakula.

Hatua ya 4: Pima ploti, kisha piga kura

Utakuwa na safu nne, na kila safu ina ploti nne, moja kwa kila aina. Jumla ploti 16.

Safu zilale kukingama mteremko. Safu ya kwanza juu, ya pili chini yake, hivyohivyo hadi ya nne upande wa bonde. Hapo ploti nne za safu moja zinakaa kwenye udongo unaofanana, na kila aina inaonja udongo wa juu, wa kati na wa chini. Ukizipanga kinyume, safu zikashuka na mteremko, aina moja ndani ya safu itapata luseni na nyingine itapata rutuba, na umerudi kulekule kwenye zizi na mwembe.

Vipimo ni hivi. Matuta yako mita moja kutoka jingine hadi jingine, nayo yafuate kontua, yaani yakingame mteremko. Kila ploti ina matuta manne, kila tuta lina urefu wa mita tatu. Kati ya ploti na ploti acha mita moja ya njia, na kati ya safu na safu vilevile. Ukijumlisha inakuja mita 15 kwa 19, na mita moja kila upande ni ya viazi vya kuzungushia.

Hivyo vya kuzungushia vina kazi. Mmea wa ukingoni hupata jua na maji zaidi kwa kuwa hana jirani wa kugombana naye, na ndiye anayeliwa kwanza na mbuzi. Usipozungushia, ploti za pembeni zitapata upendeleo au hasara ambayo haitokani na mbegu.

Sasa kura. Andika majina ya aina nne kwenye vikaratasi vinne, vikunje, weka kwenye kofia. Mwite mtoto achomoe. Cha kwanza kinakwenda ploti ya kwanza kushoto katika safu ya kwanza, cha pili ya pili, mpaka viishe. Rudisha vyote kwenye kofia, tikisa, anza upya kwa safu ya pili. Kura nne, kila safu na yake.

Hapa ndipo watu wananigomea. "Kwa nini nisiwapange tu vizuri mwenyewe?" Kwa sababu mkono wako una mapenzi. Jicho linajua ploti ipi ina udongo mzuri hata kama mdomo haujasema, na mkono utaipeleka mbegu mpya huko. Mtoto na kofia hawana shida hiyo.

Kura ikiweka aina moja ploti ya kushoto mara mbili mfululizo, usiibadilishe ili ipendeze. Ukianza kurekebisha kura, umerudisha mkono wako ndani.

Chora ramani ya ploti 16 kwenye daftari zote mbili siku hiyohiyo, kabla hujanawa mikono. Vibao vitang'olewa na watoto au vitakwenda na maji. Ramani ndiyo jaribio. Mama mmoja wa Kisesa alipima kila kitu sawasawa, akavuna kwa utaratibu mzuri, ila ramani yake ilikuwa kichwani, na kichwa kikachanganya safu ya pili na ya tatu. Kazi ya miezi mitano ikawa chakula tu.

Hatua ya 5: Panda

Panda ardhi ikiwa imelowa vya kutosha, si kwa manyunyu ya kwanza. Kwenye kila tuta weka marando kumi, sentimita 30 kati ya moja na jingine, theluthi mbili ya rando ikiwa ardhini. Ploti moja marando 40, aina moja 160. Yale 40 ya ziada yarudishe kitaluni, utayahitaji.

Ploti zote 16 zimalizike siku moja. Ikishindikana, maliza safu nzima, nyingine isubiri kesho. Usiache safu ikiwa nusu.

Kanuni hiyo ishike, maana ni ya jaribio zima. Tofauti yoyote usiyoweza kuikwepa iangukie kati ya safu na safu, kamwe isiwe ndani ya safu. Vibarua wawili wenye mikono tofauti? Kila mmoja apewe safu zake. Mbolea imeisha katikati? Safu ambayo haijakamilika iondolee mbolea yote. Jua limezama? Simama mwisho wa safu.

Hatua ya 6: Jazia, palilia, hesabu wagonjwa

Baada ya wiki moja hesabu yaliyoshika, andika, kisha jazia mapengo kwa marando ya aina ileile kutoka kitaluni. Usijazie tena baada ya wiki ya pili, mmea uliochelewa utakuwa mzigo tu.

Palizi ya kwanza isipite wiki ya tatu au ya nne. Kila unapopalilia, rudishia udongo kwenye matuta na kuziba nyufa. Fukusi hachimbi mwenyewe hadi chini, anapitia nyufa kuufikia mzizi. Tuta lililopasuka ni mlango ulioachwa wazi.

Wiki ya sita na ya kumi na mbili, hesabu mimea yenye dalili za virusi kwenye matuta mawili ya katikati ya kila ploti. Andika idadi. Usiandike "wagonjwa kiasi", maana kiasi cha leo si kiasi cha mwezi ujao.

Usikate matembele kwenye matuta ya katikati. Familia itataka mboga, nao wana haki. Waonyeshe viazi vya kuzungushia.

Hatua ya 7: Vuna kwa mizani

Kwa aina nyingi za hapa, miezi minne hadi mitano inatosha. Vuna safu nzima kwa siku moja, kama ulivyopanda.

Kwenye kila ploti acha tuta la kwanza na la nne. Kwenye mawili ya katikati ruka mmea mmoja kila mwisho. Zinabaki mimea 16, zilizosimama kwenye mita za mraba 4.8. Hizo ndizo za kupima, nyingine zote peleka nyumbani.

Hesabu mashina kwanza, kisha chimba, kung'uta udongo, gawa mafungu matatu:

La kuuza: mizizi mizima ya gramu 100 na kuendelea. Pima michache kwa mizani ya jikoni mpaka mkono uzoee.

La nyumbani: midogo na iliyokatwa na jembe.

La fukusi: ukiona vitundu au harufu chungu, pasua uhakikishe. Huu usiutupe bila kuupima, ni habari muhimu kuliko unavyodhani, hasa kwa jaribio la kiangazi.

Pima kila fungu, andika kilo palepale. Kama ploti imeliwa na ng'ombe, andika "imeliwa". Usikisie namba. Safu ikipotea nzima bado una tatu zinazosema kweli, lakini namba moja ya kubuni inaharibu zote.

Hatua ya 8: Chungu na jua

Kilo si kila kitu. Malalamiko ninayoyasikia zaidi kuhusu viazi lishe vya rangi ya machungwa ni kwamba vina maji, havishibishi na havifai kwa michembe wala matobolwa, vile vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Kwa baadhi ya aina ni kweli, kwa nyingine ni kasumba. Pima.

Chukua mizizi mitatu ya kila aina, katakata vipande vyembamba, changanya, pima gramu 200. Anika aina zote kwenye mkeka mmoja, siku zilezile. Pima kila jioni mpaka uzito uache kushuka. Gramu 200 zikibaki 70, hicho ni kiazi kikavu. Zikibaki 45, umepanda maji. Jua halikaushi kama tanuri la maabara, lakini kwa kulinganisha aina zilizokaa mkeka mmoja linatosha. Kumbuka pia kwamba jua linapunguza ile rangi ya machungwa inayogeuka vitamini A mwilini, kwa hiyo anayelima viazi lishe kwa ajili ya watoto aviweke zaidi kwenye chungu kuliko kwenye mkeka.

Kwa ladha, chemsha kila aina kwenye sufuria yake, weka kwenye sahani zenye namba, usitaje majina. Waite wapishi, wazee na watoto, kila mmoja aseme sahani bora na sahani mbaya, basi. Ukimtaka mtu atoe alama kwa kumi, ataipa kila sahani nane kwa adabu.

Hatua ya 9: Hesabu

Linganisha kila aina na ya kwako, safu kwa safu. Tuseme kilo za kuuza za aina tatu kati ya nne zilikuwa hivi, kuanzia safu ya juu hadi ya chini:

Polista: 4.1, 5.0, 6.3, 7.6. Wastani 5.75.
Aina B: 5.6, 6.1, 7.9, 8.8. Wastani 7.1.
Aina C: 7.9, 4.0, 9.8, 5.1. Wastani 6.7.

Mtu wa haraka atasema B na C zote zimemshinda Polista. Toa namba safu kwa safu. B imemzidi kwa 1.5, 1.1, 1.6 na 1.2, yaani kila mahali na karibu kwa kiasi kilekile. C imemzidi kwa 3.8, ikashindwa kwa 1.0, ikazidi kwa 3.5, ikashindwa kwa 2.5. Wastani wa C umebebwa na safu mbili tu. Huyo si mshindi, ni mcheza kamari, na ukimpanda eka nzima hujui utapata C ipi.

Kushinda safu nne kwa nne kuna uzito gani? Rusha shilingi mara nne. Kupata upande uliouchagua mara zote nne kwa bahati tupu ni nafasi moja kati ya 16. Si haba, ila ukumbuke una aina tatu zinazojaribu bahati hiyo kwa pamoja, kwa hiyo msimu mmoja hautoshi kuuza ng'ombe.

Kuigeuza kuwa eka, gawa kilo kwa 4.8 kisha zidisha kwa 4,047, ambazo ni mita za mraba za eka moja. Ile tofauti ya 1.35 kati ya B na Polista ni kama kilo 1,100 kwa eka. Halafu punguza kidogo mwenyewe, maana hakuna eka inayotunzwa kama ploti 16.

Hatua ya 10: Msimu wa pili, kwa marando yako mwenyewe

Rudia jaribio lote, kura mpya, mahali pengine. Lakini safari hii usiende kuomba marando safi. Kata kutoka kwenye ploti zako.

Sababu ni hii. Msimu wa kwanza kila aina ilianza ikiwa safi, kwa hiyo ulipima uwezo wake ikiwa na afya. Msimu wa pili unapima inavyokaa na virusi vya kwako. Aina iitwayo Ejumula ni mfano ninaoupenda: rangi nzuri, unga wa kutosha, watu wanaigombania, lakini virusi vinaimaliza upesi. Kwenye jaribio la msimu mmoja inaweza kukupofusha. Aina inayoshuka kidogo tu msimu wa pili ndiyo ya kukaa nayo.

Kama majirani wamevutiwa, wape kila mmoja safu moja: ploti nne, kura yake mwenyewe, kwenye udongo wake. Majirani sita ni safu sita zaidi, nyingine luseni, nyingine itogolo. Hapo ndipo utagundua kwamba mshindi wa juu si mshindi wa bondeni, na mara nyingi wote wawili wana haki ya kubaki. Matokeo yenu yapelekeni kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, pale Misungwi. Daftari yenye ramani na kilo husomwa na mtafiti kwa hamu kuliko barua ya malalamiko.

Marando ya mshindi yasikufie kiangazi

Nimeona mtu akipata jibu sahihi kisha akalipoteza mwezi wa Agosti kwa kukosa bonde la kumwagilia. Siku ya kuvuna, chagua mizizi midogo na ya kati ya aina iliyoshinda, isiyo na jeraha wala kitundu cha fukusi, kutoka mashina yasiyo na dalili. Iache ndani siku moja au mbili ipoe. Ipange kwenye beseni kwa tabaka, mchanga mkavu uliopoa, mizizi, mchanga tena, isigusane. Beseni likae chumbani penye kivuli.

Kila mwezi fukua utazame. Uliooza toa, uliochipua vunja chipukizi, funika. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, ipande kwenye kitalu kilichozungushiwa miiba, umwagilie. Mizizi 40 hivi itakupa marando zaidi ya elfu moja, yanayotosha nafasi yake kwenye jaribio la msimu wa pili na mengine ya kumgawia yule jirani aliyekuwa akicheka kofia na vikaratasi.